Nailoni Isiguswe

Jumatatu, 4 Agosti. Masasi.

Faruku amepata skrini ya pili. Naandika kwa mkono uliotulia. Sina wivu.

Studio yake inatazamana na yangu, barabara tu katikati, kwa hiyo nimeona kila kitu bila kuchungulia. (Nilichungulia kidogo, nikiwa juu ya stuli.) Laptopu yake iko mezani na vitufe vyake vyote, na pembeni yake skrini kubwa inaonyesha picha peke yake, safi, haina kidude chochote juu yake. Akigusa rangi huku, inabadilika kule. Watu wamejaa mlangoni kwake wanatazama harusi ya watu wasiowajua! Nimemsikia akiwaeleza kwamba fundi wa video haamini skrini ndogo, anaamini skrini ya pili. Alisema kwa sauti kubwa. Alijua niko juu ya stuli.

Mimi nahariri kwa laptopu moja tu. Nusu ya kioo imejaa mistari na vitufe, picha yenyewe imebanwa kwenye kona, ukubwa wa kiberiti. Ukiinamisha kioo mbele, watu wanakuwa weusi. Ukikilaza nyuma, wanapauka. Siku zote nimekuwa nikichagua katikati na kumwachia Mungu.

Lakini kazi iliyo mezani sasa si ya kumwachia Mungu. Ni harusi ya Huruma wa Newala, dada yake Theodora wangu. Theodora ni muuguzi, yuko Ndanda, na tumeshakubaliana, yeye na mimi. Waliobaki kukubali ni wengine wote. Na kwao ni kama kwetu sote huku: baba anaweza kusema atakalo, mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba Eliakimu. Mwalimu mstaafu. Amesema mshenga wangu asihangaike kupiga hodi kwanza. Yeye ataanza kwa kutazama kazi ya mikono yangu, yaani video hiyo hiyo ya Huruma, ndipo ajue mimi ni mtu wa namna gani. Jumapili iwe Newala.

Kwa hiyo nahitaji skrini ya pili. Faruku hahusiki kabisa.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimepata skrini! Ni TV ya mama mwenye nyumba wangu, Mama Gift. Inchi thelathini na mbili. Inakaa sebuleni kwake chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua.

Nilijua nikiomba hivi hivi sipati. Nikamwamkia shikamoo mlangoni, na nilipokaa nikamwamkia tena. Marahaba ya pili aliitoa kwa mashaka. Nikamweleza kwamba TV inayoonyesha tamthilia tu huwa inapata uvivu, ila ikipewa kazi nyingine siku chache inachangamka. Akanitazama sana. Akasema hakuzaliwa jana. Kisha akasema niichukue, mradi kipaimara ya Gift ikifika nije na kamera bila kuitwa mara mbili. Huyu mama angefaa kuwa mshenga.

Na sharti moja: nailoni isiguswe. Ile ya dukani, inayokuja imebandikwa kwenye kioo. Mama Gift hajaibandua tangu TV itoke kwenye boksi, Gift akiwa darasa la kwanza. Sasa Gift yuko sekondari na nailoni imekuwa na rangi ya chai ya rangi. Kwake yeye, TV iliyobanduliwa nailoni ni mtumba. Nimemwelewa. Kochi la mama yangu lina nailoni. Rimoti yetu ina nailoni. Simu yangu hii ina nailoni. Sisi ndivyo tulivyolelewa.

Nimeapa.

Jumatano, 6 Agosti.

Kazi! Nimechomeka waya, na Huruma akatokea mkubwa kama dirisha. Nikaegemea kiti nikajiona bosi. Nimeisogeza meza karibu na mlango ili mwanga uingie, na pia ili Faruku aone. Hakutazama. Anajifanya.

Jambo la kwanza nililogundua limenitoa jasho. Harusi nzima ilikuwa ya njano! Gauni la bibi harusi njano. Meno ya mchungaji njano. Keki njano, mawingu njano. Kwenye laptopu sikuwahi kuliona hili hata siku moja. Miaka yote hiyo laptopu ilikuwa inanidanganya, nami nakula nayo meza moja!

Nimeanza kupunguza njano na kuongeza buluu, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kufika mchana gauni lilikuwa jeupe pe kwenye skrini ya pili. Kwenye laptopu watu wote walikuwa wamepata rangi ya majivu, lakini nikakumbuka: fundi haamini skrini ndogo. Nikaibandikia karatasi ile sehemu ya picha isinichanganye.

Jioni nikafika kwenye sare. Hapa ndipo penye roho ya video. Upande wa Huruma walivaa dhahabu. Kitambaa alikichagua Mjomba Eliakimu mwenyewe, akakifuata mpaka Mtwara, na kwenye kikao cha kamati akatamka mbele ya watu kwamba siku hiyo watu wa Tandahimba, yaani upande wa bwana harusi Alphonce, watatafuta pa kujificha na buluu yao. Kwa dhahabu ile nimekaa saa nzima. Imetoka! Imeiva kama bibo linalotaka kudondoka lenyewe.

Theodora akapiga simu, akaomba nimtumie kipande kidogo aone. Nikakataa kwa upole. Simu ni skrini ndogo kuliko zote.

Alhamisi, 7 Agosti.

Faruku amevuka barabara. Amekuja na maneno matamu, eti sisi ni majirani, eti nikitaka niilete video yangu tuiangalie kwenye skrini yake kabla haijatoka. Jasusi! Nikamwambia nina ya kwangu. Akaitazama TV ya Mama Gift. Akasogea. Akaitazama tena kwa pembeni, akanyoosha kidole, akafungua mdomo. Nikamwahi: hakuna kugusa, mwenyewe hataki. Akafunga mdomo, akaniaga, akaondoka. Amekosa la kusema. Nimemwonea huruma kidogo.

Mchana kazi ilisimama. Mama Gift alikuja na kiti chake na bakuli la korosho kutazama tamthilia hapa hapa studio, maana TV ni yake na tamthilia ilikuwa imefika pabaya. Mimi nilisimama. Wateja wawili walichungulia wakadhani ni msiba, kwa jinsi alivyokuwa analia.

Lakini video imekwisha. Nzuri jamani! Nimeitazama mwanzo mpaka mwisho, kwaya ikiimba na machozi yananilenga. Nikamwaza Theodora katika gauni kama lile. Mzee yeyote akiona kazi hii atanipa binti, na mdogo wake nikimtaka. (Sitamtaka.)

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane.

Leo nimecheza karata. Mshenga wangu, Mzee Nikolao, alikuwa anapanda Newala kuona ndugu zake. Nikamkabidhi flashi ampelekee Mjomba Eliakimu leo leo. Hesabu yangu ilikuwa hivi: Mjomba ataitazama, atalainika, atalala nayo moyoni, na Jumapili nitamkuta keshaiva.

Jioni Mzee Nikolao akapiga simu. Hakuanza na salamu. Mzee Nikolao, ambaye huuliza mpaka habari za mbuzi!

Naandika kama alivyosema. Ukoo mzima ulikusanyika sebuleni kwa Mjomba. Video ikawashwa. Mama Huruma akauliza kama mwanawe aliumwa siku ile, mbona hakumwambia. Bibi mzaa mama akauliza huu ni msiba wa nani. Gauni lilikuwa buluu, midomo ya watu buluu, wali buluu. Na dhahabu! Dhahabu ya Mjomba imekuwa rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Wanaopendeza ni watu wa Tandahimba tu. Buluu yao inawaka kuliko ilivyowaka siku yenyewe, wamekaa katikati ya wafu wanang'aa.

Watu wakaanza kunong'ona kwamba nimenunuliwa na Tandahimba. Mjomba hakunong'ona. Aliomba izimwe, akanywa chai yake, akasema mshenga arudi na maneno yake mfukoni kama alivyokuja. Jumapili nije mimi mwenyewe, na dhahabu yake.

Afadhali angefoka. Mtu akifoka unajua pa kushika. Sijala. Mama Gift ameniletea ugali na mboga, nimevitazama tu mpaka vikapoa.

Jumamosi, 9 Agosti.

Nimeamka nikaitazama video upya kwenye skrini ya pili. Safi kabisa. Dhahabu ipo. Sasa wale waliona nini? Nikashika kitambaa chenye maji nifute vumbi, huenda kichwa kingetulia.

Kona ya nailoni ikanyanyuka.

Chini ya kona ile, pembe ya gauni la Huruma ilikuwa buluu. Nikairudisha nailoni: nyeupe. Nikainyanyua: buluu. Nyeupe. Buluu. Nikakaa chini sakafuni. Mungu wangu! Harusi haikuwa ya njano hata kidogo. Njano ilikuwa ya Mama Gift.

Mtu wa kawaida hapo angerudia rangi tangu mwanzo. Nami nilitaka, kwa muda mfupi. Lakini video ni ya saa tatu. Laptopu yangu ikianza kuitoa inahema kama mgonjwa, umeme nao haueleweki, na kesho ni kesho. Nikatembea huku na huku. Ndipo likanijia, wazo lililonyooka mpaka nikacheka peke yangu. Kwa nini nibadilishe video ya saa tatu wakati naweza kubadilisha TV moja?

Nimeibandua nailoni yote, polepole, kwa ncha ya wembe. Nimeikunja kama kalenda. TV nimeifunika kitambaa chake cha maua mpaka chini. Kiapo hakikuvunjika: niliapa sitaigusa wakati wa kazi, na kazi ilikwisha Alhamisi.

Nikampigia Theodora nikamwambia kosa nimelipata. Akashukuru Mungu, akauliza kosa liko wapi. Nikasema liko kwenye TV ya mjomba wake. Kisha akasema Basil. Jina langu tu, halafu akasema anaingia zamu.

Jumapili, 10 Agosti. Newala.

Baridi! Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na watu wametoka misa wamejikunyata kwenye masweta. Theodora alikuwa amekwisha kufika kutoka Ndanda. Tulisalimiana kwa mbali, kwa adabu, kama watu wanaojuana kwa kusikia.

Nilimwamkia Mjomba Eliakimu. Marahaba yake ilikuwa fupi. Nikamweleza kwamba nimemletea zawadi ndogo, kinga ya kioo cha TV, maana mwanga mkali unaharibu macho ya wazee. Akasema macho yake hayajambo. Mama Huruma akaingilia, akasema zawadi hairudishwi, niiweke. Mungu ambariki mama huyu.

Nikaikunjua.

TV ya Mjomba ni inchi arobaini na tatu! Sikuwaza. Nailoni ikakaa katikati kama kiraka, pembeni kote kumebaki wazi. Watu wananitazama. Nikajikaza, nikaibandika kwa gundi ya karatasi, nikasema hivyo ndivyo inavyokaa, inaacha nafasi ya kupumua.

Video ikaanza. Katikati, Bwana asifiwe, kila kitu kilikuwa dhahabu! Keki nyeupe, nyuso za watu wenye afya, Mama Huruma akapiga kigelegele. Bibi akasema kumbe walipona. Nikamwona Mjomba akisogeza kiti mbele. Mzee Nikolao akakohoa kile kikohozi cha mshenga anayetafuta pa kuanzia. Theodora akanitazama na kutabasamu, na kwa dakika hizo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Newala.

Kisha Huruma akaingia ukumbini.

Aliingia kwa pembeni, kama maharusi wote wanavyoingia. Akatokea buluu, maiti kamili. Akapiga hatua, akafufuka. Akapita katikati mzima na mwenye afya, akifika upande wa pili akafa tena. Nyuma yake wapambe wakaja wanakufa na kufufuka kwa zamu, wakicheza. Halafu kamera ikaenda meza kuu. (Kamera yangu. Mkono wangu.) Mjomba Eliakimu alikuwa amekaa mwisho wa meza. Nusu yake ya ndani ilikuwa dhahabu tupu. Nusu ya nje, marehemu. Alipoinua bilauri kuwatakia maharusi heri, mkono ulitoka duniani.

Mjomba akainuka. Akaifuata TV taratibu, akashika kona ya nailoni, akaibandua mpaka mwisho, akaikunja vizuri mara nne. Ukumbi wote ukawa buluu. Tandahimba wakawaka.

Hakufoka. Aliniuliza kwa sauti ya darasani: mwanafunzi akikosea hesabu, je, anaifuta hesabu yake, au anambadilishia mwalimu miwani?

Nikasema inategemea na miwani.

Theodora akaenda jikoni. Sikujua kama analia au anacheka.

Hukumu imetoka mbele ya wote. Nirudie rangi zote, niilete kabla msimu wa korosho haujafunguliwa, maana ukifunguliwa Mjomba hana muda na mtu. Dhahabu ikionekana dhahabu, Mzee Nikolao atapewa kiti. Isipoonekana, video atapewa kijana mmoja wa Masasi anayesifiwa, anaitwa Faruku, na mimi nitafute ukoo mwingine. Akaongeza, kama anayesema habari za mvua, kwamba mdogo wa bwana harusi Alphonce, kijana mwalimu wa Tandahimba, ameshauliza mara mbili kama Theodora ana mtu.

Theodora alinisindikiza mpaka stendi. Hakuwa amelia. Alicheka, alikiri, mpaka akashika sufuria lisianguke. Lakini kilichomkaa moyoni si kicheko. Alisema hataki mume wa kufunika mambo, maana siku moja atamfunika yeye. Alisema atanisubiri, amekwisha kumwambia mjomba wake hivyo, ila nifanye jambo moja tu: nifanyie kazi kwenye kioo kitupu. Bila nailoni, Basil. Alirudia.

Nimeumia. Naliandika wazi, wala si kwa sababu ya yule mwalimu wa Tandahimba. Nampenda mtu huyu, nami nimemwaibisha nyumbani kwao mbele ya bibi yake. Nimeapa kwake kwa moyo wote.

Jumatatu, 11 Agosti. Masasi.

Nimemkuta Mama Gift ndani ya studio. Tamthilia haina Jumapili ya kupumzika. Alikuwa amefunua TV yake akaikuta uchi, na hakuizima, akatazama mpaka mwisho. Sasa ana hasira mbili. Ya kwanza, nailoni. Ya pili, amegundua kwamba yule mama mkwe mbaya wa kwenye tamthilia, ambaye miaka yote alimwona amevaa rangi ya ugoro, kumbe huvaa zambarau nzuri kabisa, na sasa hajui amchukieje.

Nikampa nailoni yake. Imekunjwa mara nne, ina gundi. Akainyoosha juu ya mapaja kama nguo ya marehemu. Ameibandika upya mwenyewe, ina mawimbi mawimbi, na TV imerudi sebuleni. Kipaimara ya Gift iko pale pale, amesema, tena sasa nitakuja na viti.

Faruku amevuka tena barabara. Habari zote anazo, sijui nani kamwambia. Amesema niende na laptopu yangu, nitumie skrini yake kutwa nzima, yeye anakwenda Chiwata kwenye shughuli. Amesema hata yeye mwanzoni aliwahi kutoa harusi nzima ya kijani, kisa ni hicho hicho. Uso wake ulikuwa mwema, hakucheka hata kidogo. Nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Hapana.

Jumatano, 13 Agosti.

Nimekaa na makosa yangu siku mbili, bila haraka, na nimejifunza. Kosa ni moja tu. TV ya Mama Gift ilikuwa kuukuu.

Na leo mambo yamenyooka! Abdulazizi wa duka la spea ameteremsha TV mpya jana. Inchi arobaini na tatu, sawasawa na ya Mjomba, safari hii nimeuliza. Hata yeye hajaitazama bado, anamsubiri fundi wa kutoboa ukuta. Ameniazima mpaka fundi aje. Nimeibeba kama yai. Faruku alikuwa mlangoni kwake, akaona boksi, akanipungia mkono. Nikampungia kwa kidevu, mikono ilikuwa na kazi.

Theodora amepiga simu kuuliza kama nafanyia kazi kwenye kioo kitupu. Nimemwambia ukweli: ni kipya mno, ni kama kitupu. Kina nailoni yake ya kiwandani, lakini hiyo si ya kuhesabu, haina njano hata chembe. Ni safi, angavu, ina ubuluu kidogo kwa mbali. Abdulazizi ameniomba jambo moja tu kuhusu nailoni hiyo, nami nimemwapia.

Nimerudisha rangi zote kama zilivyotoka kwenye kamera, nikaanza na gauni. Kumbe harusi nzima ilikuwa ya buluu! Naongeza njano, taratibu. Dhahabu ya Mjomba safari hii wataiona mpaka Tandahimba.